Bima imeisha na benki haikukata: aliyegongwa anamdai nani?

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya mbolea ya kukuzia kwenye mpunga. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba tukae kwenye jambo ambalo sikulikuta kwenye diploma yangu ya kilimo, lakini kwenye kata ninayofanyia kazi limekaribia kuvunja kikundi ambacho hata ukame haukukivunja. Ni bima ya gari. Na hasa ile bima ambayo kila mwanachama aliamini inajilipia yenyewe.

Kikundi chenyewe sikitaji jina, na benki yao siitaji pia. Ni wakulima 14 wa mpunga. Walikopa benki wakanunua Canter iliyotumika, mkopo wa miaka mitatu, wabebe mpunga wao wenyewe badala ya kunyanyaswa na bei za wenye magari kila msimu. Wazo zuri sana, na mimi niliwaunga mkono. Benki ikikukopesha gari inataka ukate bima kubwa, kwa sababu gari ndiyo dhamana yao. Likiungua, dhamana imeungua. Kwa hiyo ada ya bima iliingizwa kwenye makato ya akaunti ya kikundi. Mwaka wa kwanza ikakatwa, wa pili ikakatwa, wa tatu ikakatwa. Stika ilikuwa inatokea tu. Hakuna hata mwanachama mmoja aliyewahi kukanyaga ofisi ya bima.

Mkopo ukaisha Januari, wakachinja mbuzi. Bima ikaisha tarehe 13 Februari, saa 5:59 usiku, na hiyo hakuna aliyeijua.

Tarehe 2 Machi Canter ilikuwa inatoka mjini na mifuko ya urea. Pale senta ikamgonga mwendesha baiskeli, mkulima mwenzetu aliyekuwa anaenda kwenye palizi. Mguu ukavunjika chini ya goti. Trafiki walipofika wakapima, wakachukua maelezo, wakatoa PF3 majeruhi akatibiwe, kisha wakauliza bima. Dereva akatoa karatasi iliyokuwa kwenye kiboksi cha gari. Trafiki akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akamrudishia karatasi. "Hii imeisha, kijana."

Nilikaribishwa kwenye kikao chao cha dharura. Sio kwa sababu mimi ni mwanasheria, ila huku kijijini ukishakuwa bwana shamba unasoma kila karatasi, kuanzia lebo ya dawa mpaka barua ya mahari. Na pale kikaoni kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumtupia lawama. Dereva: mimi ni wa kuajiriwa, nilipewa ufunguo. Mwenyekiti: ni benki, siku zote wao ndio wanakata. Mweka hazina akapiga simu benki pale pale, akaweka spika tusikie wote. Dada wa benki akajibu kwa adabu kabisa kwamba maelekezo ya kukata yaliisha pamoja na mkopo. Wakala wa bima naye alipopigiwa akasema walituma meseji mbili za kukumbusha. Kwa namba ipi? Namba ya mweka hazina wa zamani, aliyehamia kwa watoto wake mwaka juzi na laini ameshaitupa.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza swali ambalo ndilo somo la leo: "Sasa jamani, yule aliyelala hospitali anamdai nani?"

HAYA NI MASWALI MAWILI, MSIYACHANGANYE

Kikao kile kilikwama saa tatu nzima kwa sababu maswali mawili yalikuwa yanajibiwa kama moja. La kwanza: barabarani, mbele ya trafiki na mbele ya majeruhi, nani anawajibika? La pili: kama kuna mtu alituahidi kutukatia bima na hakufanya hivyo, tunaweza kumdai nini? Majibu yake yako kwenye vitabu tofauti.

Tuanze na barabarani. Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kumruhusu mtu mwingine alitumie, kama hakuna bima hai inayohusu matumizi hayo kwa mtu wa tatu. Isome tena taratibu. Kutumia: huyo ni dereva. Kuruhusu: huyo ni mwenye gari, au yeyote aliyetoa ufunguo. Wakenya wana Sura yao ya 405 inayosema karibu vile vile, maana sheria hizi zina asili moja ya Kiingereza.

Angalia na kisichokuwemo. Hakuna mahali panaposema "isipokuwa kama benki ilisahau." Hakuna "isipokuwa kama meseji ilikwenda namba ya zamani." Sheria haiangalii nani alipaswa kulipia bima, inaangalia kama bima ilikuwepo saa ile gari lilipokuwa barabarani. Nimewaambia kwenye kikao na nawaambia nyinyi: mpango wowote ule wa kukatwa, uwe wa benki, wa simu, wa wakala au wa shemeji yako anayefanya kazi mjini, ni makubaliano kati yako na huyo mtu. Haubadilishi kitu barabarani.

Na "mwenye gari" hapa ni nani? Twende kwenye kadi ya gari. Kikundi hiki kimesajiliwa, kwa hiyo kadi ilikuwa na jina la kikundi pamoja na jina la benki, kama ilivyo kawaida ya magari ya mkopo. Lakini najua vikundi vingi huku kwetu ambavyo havijasajiliwa, na gari "la kikundi" kwenye kadi lina jina la mwenyekiti peke yake. Mzee wangu, kama ni wewe, elewa kwamba siku ya matatizo wanachama wengine 13 wanaweza kurudi nyuma hatua moja, ukabaki umesimama mwenyewe. Jambo hilo lirekebisheni kabla ya mengine yote.

Sasa majeruhi. Hapa watu wengi wanapotea, hata waliosoma. Kukosa bima hakumfanyi dereva wako kuwa ndiye aliyesababisha ajali. Kama mwenye baiskeli ndiye aliyekatiza ghafla, hilo litaangaliwa kwa ushahidi wake, na kosa la bima litasimama peke yake. Lakini kama dereva alizembea, basi yeye anawajibika, na mwajiri wake anawajibika pamoja naye kwa sababu alikuwa kwenye kazi ya mwajiri. Wajibu huo upo bima ikiwepo, na upo bima isipokuwepo. Kazi ya bima ni kuubeba. Isipokuwepo, unaubeba kwa mfuko wako: matibabu, siku ambazo mtu hakufanya kazi, na ulemavu kama utabaki. Unapoteza pia kitu ambacho watu hawakihesabu, nacho ni kampuni ya kukusimamia kwenye madai. Mwenye bima anajaza fomu ya ajali, kampuni inaanza kushughulika. Asiye na bima anakaa yeye na familia ya majeruhi chini ya mwembe.

Kwa Canter yetu, wapimaji hawakuwa na shaka: dereva alikuwa kwenye mwendo mkali mahali pa watu. Kwa hiyo aliyelala hospitali anamdai dereva na kikundi. Benki haimo kabisa kwenye jibu la swali hili.

"SI KUNA SIKU ZA NYONGEZA?"

Hili liliulizwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja alikuwa na idadi yake. Mmoja siku 7, mwingine 15, mwingine mwezi mzima. Nadhani linatoka kwenye bima ya maisha, ambayo mara nyingi mkataba wake huwa na siku za neema za kuchelewa kulipa. Bima ya gari haiendi hivyo. Mkataba una saa ya kuanza na saa ya kuisha, na hapa nchini kanuni ni kwamba bila ada hakuna kinga. Ukilipa saa 4 asubuhi, kinga inaanza kuanzia hapo kwenda mbele. Haigeuki nyuma kukuokoa na ajali ya saa 2.

Kijana mmoja pale kikaoni akasema kwa sauti ya chini kwamba anamfahamu mtu anayeweza "kuirudisha nyuma tarehe." Nilimkatisha. Stika siku hizi inatolewa kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo unajua ilitolewa saa ngapi. Huko unatoka kwenye kosa la kukosa bima unaingia kwenye udanganyifu, tena ukiwa na mashahidi 14.

Kuna kijana wa hapa kwetu anayeishi Uingereza. Aliniambia kule kampuni nyingi za bima zinahuisha zenyewe kila mwaka, zinakata kwenye kadi ya benki, mteja anapata barua tu. Ni kweli, ndivyo wanavyofanya. Lakini hata huko, kadi ya benki ikiwa imeisha muda au akaunti haina hela, bima haihuishwi, na polisi wanamkamata aliyeshika usukani. Tangu 2011 wameenda mbali zaidi: gari likikaa bila bima hata kama halitembei, mwenye gari aliyeandikishwa anaandikiwa, mpaka awe ametoa taarifa rasmi kwamba amelitoa barabarani. Kwa hiyo msidhani teknolojia ikifika kwetu itatuondolea kazi ya kuangalia. Inaweza kutufanya tulale zaidi.

KARATASI YA BENKI ILIKUWA INASEMA NINI?

Sasa swali la pili. Niliomba mkataba wa mkopo. Ukatoka kwenye mfuko wa rambo, una alama za chai, lakini unasomeka. Kifungu cha bima kilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema mkopaji atahakikisha chombo kina bima kubwa kwa kipindi chote cha mkopo. Ya pili ilisema benki inaweza kulipa ada hiyo kwa niaba ya mkopaji na kuikata kwenye akaunti yake.

Mkulima ninayemfundisha kusoma lebo ya kiuatilifu atanielewa hapa. "Atahakikisha" ni wajibu, na umewekwa kwa mkopaji. "Inaweza" ni ruhusa, na imepewa benki. Halafu kuna yale maneno "kwa kipindi chote cha mkopo." Kifungu chote kiliandikwa kulinda hela ya benki, na hela ya benki ilipokwisha kurudi, kifungu kikafa nacho. Kwa miaka mitatu kikundi kilifaidika na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ni kama kunywesha ng'ombe kwenye mfereji wa jirani. Siku jirani akivuna na kufunga maji, huwezi kwenda kumshtaki.

Kwa hiyo kwa kikundi hiki niliwaambia ukweli: kwa karatasi hii, sioni mnachodai benki. Mwenyekiti hakufurahi. Lakini sio kila kesi inafanana na hii, na ningependa mjue tofauti zake.

Kama mkataba wako unasema benki "italipa" na mkopo bado unaendelea, akaunti ilikuwa na hela ya kutosha, na haikukata, hapo una neno. Kama hela ilikatwa kabisa, inaonekana kwenye taarifa ya akaunti, lakini haikufika kampuni ya bima, una neno kubwa zaidi. Kama akaunti ilikuwa tupu siku ya kukata, na hili kwa wakulima ndilo linalotokea mara nyingi, basi huna neno, hata kama wiki iliyofuata uliweka milioni tano.

Kwa wakala nako kuna jambo. Wakala wa bima ni mtu wa kampuni ya bima. Dalali wa bima ni mtu wako wewe, anakutafutia kampuni. Ukimpa wakala hela na akakupa risiti ya kampuni, una msingi wa kuiambia kampuni kwamba hela yako wameipokea. Ukimpa mtu hela kwenye simu yake binafsi, bila risiti, ukasubiri stika "kesho," basi kwa kweli una hadithi tu. Siku hizi na mabenki yenyewe yanauza bima kama wakala, kwa hiyo uliza wazi: hapa unanihudumia kama mkopeshaji wangu au kama wakala wa bima?

Ile meseji ya kukumbusha ni ihsani. Kwenye mikataba ya bima ya gari ambayo nimepata kuisoma, sijaona inayoilazimisha kampuni kukukumbusha kwamba mwaka umeisha. Tarehe imeandikwa kwenye hati uliyopewa, na kampuni inahesabu umeisoma.

Ukiona una neno, usianze kwa kugombana na dada wa kaunta. Andika barua kwa meneja wa tawi, ambatanisha mkataba, taarifa ya akaunti na picha za meseji, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Benki isipokujibu au isipokuridhisha, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki. Kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Kwa kampuni ya bima, ukishamaliza kwao, unaenda TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila kumbuka mpangilio: majeruhi hasubiri ugomvi wako na benki uishe. Unamhudumia kwanza, halafu wewe ndiye unayekwenda kudai kurudishiwa.

TATIZO LA FEBRUARI

Hapa ndipo ninapoingia kama mtu wa kilimo, na naomba mnisikilize vizuri kuliko kote.

Ukiangalia kwa nini bima za wakulima zinakufa, sio uzembe peke yake. Ni kalenda. Huku kwetu mpunga unavunwa kuanzia Mei mpaka Julai. Hela ipo Juni, Julai, Agosti. Februari na Machi ni palizi, ni urea, ni dawa, ni watoto wameshaenda shule; debe la mchele linanunuliwa dukani kwa mtu anayelima mchele! Mwezi huo ukimwambia mkulima alipie bima, hata akikumbuka, atachagua urea. Mimi mwenyewe ningechagua urea, tusidanganyane. Na gari huwa linatembea sana mwezi huo huo kwa sababu ya kubeba pembejeo.

Sasa nani alichagua Februari? Hakuna. Gari lilinunuliwa Februari, bima ikaanza Februari, na itaendelea kuisha Februari mpaka gari life, kama hakuna atakayeihamisha. Na kuihamisha inawezekana. Huhitaji kusubiri bima iishe ndipo ukate nyingine. Ukiwa na hela Julai, unaweza kukata ya mwaka mzima Julai ukaachana na miezi iliyobaki kwenye ile ya zamani, au ukaiuliza kampuni kama inatoa bima ya muda mfupi ya kukufikisha Julai kisha uanze mwaka mzima hapo. Ya muda mfupi kwa kawaida ni ghali ukiigawa kwa mwezi, kwa hiyo piga hesabu zote mbili.

Tufanye hesabu ya njia ya kwanza kwa gari dogo binafsi, bima ya mtu wa tatu, ile bei ambayo wengi tumeizoea ya shilingi 118,000, yaani 100,000 na VAT juu yake. Gawa kwa miezi 12, unapata karibu 9,800 kwa mwezi. Ukiacha miezi 6 ipotee ili uhamie Julai, umepoteza kama 59,000, mara moja tu kwa maisha ya gari hilo. Kwa bima kubwa, ambayo gari binafsi hukadiriwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, usiipoteze miezi hivyo hivyo. Nenda kaulize kwanza kampuni itakurudishia kiasi gani ukivunja mkataba katikati. Magari ya mizigo na biashara yana bei zake, hesabu ni ile ile.

Wenye korosho, mwezi wenu sio Julai. Wenye viazi vya Njombe mnajua wenyewe hela yenu inaingia lini. Wafugaji wa maziwa nyinyi mna hela kidogo kidogo mwaka mzima, kwenu ni bora kuweka elfu kumi kila mwezi kwenye laini moja isiyoguswa. Kila mtu aiangalie tarehe yake ya mwisho akiwa ameshika kalenda ya mazao.

Kikundi cha Canter wamehamia Julai. Walianza na ya muda mfupi wakiwa bado na deni la hospitali. Wamebandika tarehe kwenye ukuta wa ghala, pembeni ya ratiba ya mbolea, kwa kalamu nyekundu. Namba za simu zilizoandikwa kwenye hati ya bima sasa ni mbili, ya mweka hazina na ya katibu, na mihtasari ya kikao inasema kiongozi akibadilika, namba inabadilishwa kwa wakala ndani ya wiki. Pia wamekwenda benki kuchukua barua ya kuachiwa dhamana ili kadi ya gari itoke jina la benki. Hilo nalo lilikuwa limelala tangu Januari, maana kila mtu alidhani linajifanya lenyewe.

KUHAKIKI NI DAKIKA MBILI

Ukishalipa, usiridhike na karatasi. TIRA wana mfumo wa kuhakiki kwenye mtandao, unaitwa TIRA MIS. Unaingiza namba ya gari au namba ya stika, unaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Asiye na simu kubwa amwombe mwanae. Mimi naangalia vitu vitatu: namba ya gari isiwe na herufi iliyokosewa, tarehe zote mbili, na aina ya matumizi. Canter ya kubeba mizigo kwa malipo iliyoandikwa "binafsi" itakuletea maneno siku ya madai hata kama hujachelewa kulipa hata siku moja. Na wale mnaobeba vibarua juu ya mifuko kwenda shambani, ulizeni kwa wakala, kwa maandishi, kama hao watu wamo. Usikisie.

Dereva wa kuajiriwa, hili ni lako. Umeona kifungu cha 4 kinaanza na wewe. Kabla ya kupokea ufunguo, hakiki kwa simu yako. Ukikuta imeisha, mwambie bosi wako kwa heshima, na umtumie meseji ili ibaki. Akikwambia "nenda tu, mimi nitaongea na trafiki," ujue faini ya papo kwa papo ya 30,000 huenda akailipa kweli, lakini mguu wa mtu hauna bei hiyo. Dereva wa Canter hakulala mahabusu muda mrefu, ila kazi hana, na kesi yake ya uendeshaji bado ina tarehe.

Mwenye baiskeli alifungwa hogo, alikaa zaidi ya miezi mitatu bila kushika jembe. Ekari yake moja na nusu ya mpunga ilimezwa na magugu kabla ndugu hawajajipanga kumsaidia. Kwenye makubaliano ya maandishi kikundi kimelipa matibabu, kimepeleka vibarua kumaliza palizi iliyobaki, na kimempa magunia ya kufidia alichopoteza, yaliyokatwa kwa kila mwanachama baada ya mavuno. Wanachama wawili wamejitoa kwa sababu hiyo. Mimi nilikagua lile shamba kabla ya hesabu ya magunia kufanyika, kazi ambayo kwa kawaida naifanya kwa ajili ya viwavijeshi na mafuriko.

NA WENYE TREKTA

Mzee mmoja aliniambia trekta lake halihitaji haya maneno kwa sababu "linalima tu." Nikamuuliza linafikaje shamba la pili. Linapita barabara ya kijiji, kilomita nne, na tela nyuma, na watoto wanalikimbilia kudandia. Hapo ndipo sheria inapolikuta. Trekta lenye namba za usajili likitoka shambani kuingia barabarani, lihesabu kama gari, na muulize wakala kama tela limetajwa kwenye hati au linahitaji hati yake. Na trekta nyingi huku ni za mkopo, makato ni yale yale ya kwenye akaunti, na mikopo mingi inaisha msimu huu.

Jumanne na Alhamisi asubuhi nipo ofisi ya kata. Mwenye chombo cha mkopo aje na mkataba wa benki, hati ya bima na kadi ya gari, vyote vitatu, tuvisome pamoja. Mwenye picha za majani ya mahindi yenye madoa aje mchana.